Kutoka Begani Hadi Kiwikoni

Dornfels, kesho yake baada ya Mtakatifu Mikaeli, mwaka 1238

Dada Oda,

Kama umesimama, kaa. Kama unaimba, nyamaza. Burchard amekufa!

Ndiyo, Burchard huyo huyo, bwana wa Arnsrode, binamu yetu. Nguruwe mwitu amempasua paja, na kabla hawajamfikisha nyumbani alikuwa ameshakata roho. Mungu amrehemu, nimeshasema, imetosha. Hana mtoto, hana kaka, hana dada, na mkewe alitangulia. Arnsrode haina mwenyewe, dada! Ngome, mashamba, misitu, ubwana wenyewe, vyote vimekaa kama mkate uliotolewa tanuruni sasa hivi, unafuka, na mwenye mkono wa kuufikia ni mimi.

Najiandikia mwenyewe kwa sababu kasisi wangu ana masikio makubwa. Usinicheke mwandiko. Baba hakuwa na cha kumlipa mwalimu, unajua. Alizaliwa ndani ya ukumbi ule wa Arnsrode, na alipotimiza miaka kumi na mitano kaka yake Konrad akampa farasi chongo na mnara usio na paa, akamwambia, "Nenda kajitawale." Mnara wenyewe ndio huu. Paa nimeliezeka mimi. Ukuta nimeuzungusha mimi. Msitu nimeufyeka mimi mpaka palipokuwa na mbwa mwitu pana vijiji vitatu na kinu. Hakuna mtu wa Arnsrode aliyewahi kuniletea hata kuku. Burchard alikuwa akiniona kwenye mashindano ya mikuki anaita mbele za watu, "Mpisheni bwana wa miiba!" Sasa bwana wa miiba anakuja kukalia kiti chake. Sikufichi, ndicho ninachokitaka: kiti kile kikubwa cha ukumbini, nikikalie nikiwa hai na meno yangu kinywani.

Mdai mwingine ni mmoja tu, Ludolf wa Rabenlo, yule kijana wa nywele za mawimbi. Pandisha mkono wa joho lako uhesabu pamoja nami. Kichwani wapo mume na mke. Shingoni wapo ndugu wa tumbo moja. Begani watoto wao, kiwikoni wajukuu wao, na hivyo hivyo mpaka kwenye ukucha, ambako ujamaa unakwisha. Baba yetu Dietmar na Konrad, baba yake Burchard, walikuwa ndugu, baba yao Bruno na mama yao Gisela: shingo. Kwa hiyo mimi kwa Burchard ni wa begani. Babu yake Ludolf na babu yetu Bruno walikuwa ndugu, kwa hiyo Ludolf ni wa kiwikoni. Bega liko juu ya kiwiko hata kwa ndama. Wa juu anachukua chote. Wa chini anachukua kofia yake anakwenda zake.

Ninachokuomba ni kidogo. Nyumba yenu ya Helmswerth inawaombea wafu wa ukoo wetu tangu enzi za Bruno. Niandikie, na mkuu wenu atie muhuri, kwamba bibi yetu ni Gisela, na kwamba Konrad na Dietmar walinyonya ziwa moja. Baraza litakaa Arnsrode baada ya Mtakatifu Martino. Fanya haraka, dada, sipati usingizi kwa furaha!

Kaka yako,
Gebhard wa Dornfels (na karibuni wa Arnsrode)

*

Helmswerth, Jumatano baada ya Mtakatifu Fransisko

Kaka Gebhard,

Mpanda farasi wako Wipo alifika na matope mpaka kwenye nyusi, akatoa barua kama mtu anayetoa kaa la moto kifuani. Tumemlisha. Nimeisoma mara moja tu, maana mwandiko wako unapiga kelele na wenzangu wamelala mchana huu.

Pole kwa Burchard. Alikuwa na kiburi, lakini nguruwe naye hakutumwa kutoa hukumu.

Muhuri utachelewa kidogo. Mkuu wetu anaumwa jino, shavu limevimba kama kabichi, hatii sahihi wala hasemi na mtu. Lakini nikuulize neno, kaka. Ni lazima umtaje bibi? Hakuna namna ya kudai bila kuingia kwenye habari za nani alimnyonya nani? Wazee wale wamelala. Na tuseme umekosa chote, ukapata nusu. Nusu ya Arnsrode si ndogo. Heri nusu shari kuliko shari kamili, tulifundishwa.

Nakuletea jibini mbili na keki ya asali kwa ajili ya binti yako Gisela. Mwambie shangazi anamkumbuka.

Dada yako,
Oda

*

Dornfels, kabla ya Mtakatifu Luka

Dada,

Jibini imefika, muhuri haujafika. Jino! Mkuu wenu ana meno mangapi mpaka ubwana mzima ungoje moja litulie?

Sikia yaliyonipata. Jumapili Ludolf alikuja hapa kwangu, amevaa nyekundu juu mpaka chini, anajidai anapita njia. Nikamkaribisha bia, nisije nikaambiwa nimekosa adabu. Akazungusha macho darini, akasema, "Mzee Gebhard, nasikia umeshatuma mtu akapime kiti."

Nikamwambia, "Sina haja ya kupima kiti. Nimepima makalio yangu, yanatosha."

"Lakini bega hilo, mzee, lina uhakika? Isije ikawa ni kiwiko kilichovimba."

Watu wangu wakacheka! Watu wangu mwenyewe, mezani kwangu, kwa bia yangu! Nikamjibu, "Mwanangu, wewe ukishindwa kesho utarudi kwenye kioo chako. Mimi nilikuwa nabeba mawe ya ukuta huu wakati mama yako anachagua utepe wa kukufunga." Akanywa, akashukuru, akaenda. Mzaha tu wa kijana, najua. Lakini ulinikaa kifuani, nikairudia barua yako, na hapo damu ikanipanda.

Nusu? Nani amekufundisha neno hilo? Mimi nakuomba muhuri, wewe unaniletea keki na nusu! Ludolf amekuahidi nini, dada? Kitambaa cha hariri? Dirisha la vioo vya rangi kwenye kanisa lenu? Ninyi mabibi wa Helmswerth nawajua, hamkuapa kiapo cha utawa, mna nyama mezani na watu wa kuwafulia, na kila anayetaka jambo anaanzia mlangoni kwenu. Tangu lini damu yangu ikanipimia nusu?

Barazani usije, hapana kazi ya mwanamke pale. Niletee muhuri tu. Wipo amesimama hapa na farasi ametandikwa, na atasimama mlangoni kwenu mpaka aupate.

Gebhard

*

Helmswerth, siku ya Mtakatifu Luka

Kaka yangu,

Wipo amesimama kweli. Mvua inamnyeshea na hataki kuingia, anasema umemkataza. Basi naandika upesi, nikiogopa mikono yangu itabadili nia.

Mkuu wetu haumwi jino. Mimi ndiye niliyeficha barua yako chini ya godoro.

Nilipoletwa hapa nikiwa na miaka saba, nilikuta kikongwe mmoja katika chumba cha mwisho karibu na bustani ya matofaa. Hakuwa mmoja wa mabibi. Alikuwa akila baada ya wote na akisokota sufu. Siku ya kwanza alinishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga, halafu akaenda kulia bustanini, akarudi akanifundisha kusokota. Nilidhani amenipenda bure. Miaka mitano nililala miguuni pake wakati wa baridi. Alipokaribia kufa akaniambia, "Mimi ndimi mama yake Dietmar. Usimwambie mtu, maana mwanangu alishaahidi."

Jina lake Hadewig. Baba yake alikuwa bwana mdogo mwenye shamba moja na ng'ombe wanane. Gisela alikufa Konrad akiwa kijana, na Bruno akamwoa Hadewig kwa pete na kwa kasisi. Baba yetu ni mtoto wake. Bruno alipofariki, Konrad alimwambia mama wa kambo kwamba meza ya Arnsrode haina nafasi ya harufu ya zizi. Akamleta hapa. Mtoto akabaki, kwa sharti moja: aseme mbele za watu kwamba mama yake ni Gisela. Alikuwa na miaka mitano, kaka. Alisema. Na alisema tena na tena mpaka akatuambia hata sisi. Konrad alimfukuza vile vile, lakini baba hakuacha kusema.

Sheria unaijua kuliko mimi. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali hawakai shingoni pamoja. Hushuka kiungo kimoja. Watoto wao nao hushuka. Wewe si wa begani. Wewe ni wa kiwikoni, sawasawa na Ludolf, na walio sawa hugawana. Ndiyo maana nilisema nusu. Hakuna hariri.

Nimenyamaza zaidi ya miaka thelathini kwa sababu niliahidi, na kwa sababu haikumdhuru mtu. Sasa unakwenda kuweka mkono juu ya mifupa ya watakatifu. Siwezi kukuacha uende bila kujua.

Muhuri ninao uwezo wa kuupata. Nikiuomba, mkuu atatia bila kuuliza. Siuombi.

Oda

*

Dornfels, baada ya Luka

Bibi yangu ni Gisela. Nimempa binti yangu jina hilo. Nimelitaja kwenye kila karamu tangu nilipoota ndevu, na hakuna aliyekohoa.

Kikongwe mpweke huota wajukuu, na mtoto wa miaka kumi na miwili huamini. Hakuna anayejua hadithi hiyo ila wewe, na wewe hujaitwa. Nitaapa bega, na muhuri wenu siutaki tena. Usiniandikie.

G.

*

Helmswerth, siku ya Watakatifu Wote

Kaka, mwenye kuapa uongo juu ya mifupa ya watakatifu hukatwa mkono. Utahesabia nini tena?

Oda

*

Arnsrode (ndiyo, ARNSRODE!), wiki ya pili baada ya Mtakatifu Martino

Dada, dada, dada!

Nilisema usiniandikie na sasa mimi ndiye nakuandikia, wino unaruka mpaka ukutani. Nikuambie kwa mpango, nisije nikaanza na mkia.

Ua wa ngome ulijaa. Watu walipanda mpaka juu ya mapipa. Mwamuzi aliyetumwa na mtawala mkubwa aliketi mbele, miguu yake imefungwa ngozi ya kondoo, mifupa ya watakatifu mezani ndani ya sanduku la fedha. Ludolf akaitwa kwanza. Akavua mkono, mweupe kama figili, akahesabu: shingo, bega, kiwiko. Akaapa. Safi.

Nikaitwa mimi. Nikavua mkono. Hii mikono yangu unaijua, ina makovu ya shoka, mtu mmoja nyuma akasema, "Huo si mkono wa bwana, huo ni mkono wa fundi," na mwenzake akamjibu, "Basi jua huyo amejenga chake." Nikafurahi. Nikaweka kidole shingoni. Mwamuzi akaniuliza, "Mama wa baba yako alikuwa nani?"

Oda, nilikuwa nimekwenda pale kusema Gisela. Nisiseme uongo hata kwako. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimesimama uani, karibu na lango, na nikaliona lango. Nikapiga hesabu yangu, maana mimi kila kitu ni hesabu. Konrad alimtoa mama yule kwa lango lile mara moja. Nikisema Gisela, atatolewa mara ya pili, na mtoaji nitakuwa mimi. Hapo ningekuwa nimerithi kweli! Ningekuwa Konrad mzima, bega na kila kitu.

Nikasema, "Hadewig." Nikasema kwa sauti, maana kama ni kupoteza nusu ya ubwana, basi na wa kwenye mapipa asikie.

"Hadewig nani?"

"Hadewig wa shamba la ng'ombe wanane, mke wa pili wa Bruno, kwa pete na kwa kasisi." Nikashusha kidole mwenyewe kutoka begani mpaka kiwikoni, nikaapa.

Kelele iliyolipuka hapo, dada! Kunguru waliruka mnarani. Ludolf amebaki na kinywa wazi kama kambare mtaroni. Hakujua lolote! Ule mzaha wake wa bia ulikuwa mzaha tu. "Mzee," ananiambia, "umejikata mwenyewe! Ulikuwa nacho chote!"

"Nilikuwa nacho kwa uongo," nikamwambia. "Funga mdomo, nzi wataingia."

Mwamuzi akasema: kiwiko kwa kiwiko, sawa kwa sawa. Mkubwa agawe, mdogo achague. Mimi nina miaka hamsini na mmoja, Ludolf ishirini na saba. Watu wakanionea huruma, maana anayegawa huogopa kisu chake mwenyewe. Hawakunijua.

Mashamba yalikuwa kazi nyepesi, nusu huku nusu kule, hata mpumbavu angeyapasua. Kazi ilikuwa ngome. Nikaomba kamba. Nikazunguka ua wote, nikachungulia kila mlango, nikaonja maji. Kiti nilikiona, Oda. Mti wa mwaloni, mikono yake vichwa vya simba, pua zimesagika kwa kushikwa. Nilisimama mbele yake mpaka mwamuzi akakohoa. Halafu nikatoka nikafunga kamba. Upande mmoja: ukumbi, mnara, kiti, bendera zote, vyumba vyenye mazulia ukutani. Upande wa pili: jiko, tanuru, zizi la farasi, kisima na lango.

Ludolf hakuchelewa hata kupumua. Alikimbilia ukumbini, akajitupa kitini, sauti yake ikatoka nje: "Nimekaa, mzee! Nimekaa!"

"Kaa vizuri, mwanangu," nikamwambia kutoka mlangoni. "Ukishikwa na kiu, bisha hodi."

Halafu mtu mmoja juu ya pipa akaanza kucheka, na wa pili, na ua mzima ukaangua kicheko. Ludolf alitoka akaitazama kamba, akatazama kisima, akatazama lango. Akauliza taratibu, "Na kwenda nyumbani nitapitia wapi?" Nikamwambia, "Kwangu. Lakini kwa adabu." Akanitazama, halafu, haki yake nimpe, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Nilitaka kile kiti, wewe unajua kuliko wote. Jana nimekwenda kukitazama mchana, kwa ruhusa ya mwenyewe, na ni kiti tu, kinauma mgongo. Nina maji, moto na mlango. Nimeshawaambia waashi waje wajenge ukuta palipokuwa na kamba.

Nisamehe maneno ya hariri. Nimeingia nyumba ya baba kwa jina la mama yake, na sidaiwi uongo na mtu. Wawili wa kiwikoni tumegawana sawa kwa sawa, na yamekwisha.

Kaka yako mwenye furaha,
Gebhard wa Dornfels na wa Arnsrode, upande wa kisima

*

Helmswerth, kabla ya Mtakatifu Nikolao

Kaka yangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako kwa sauti kwenye chumba cha mwisho, karibu na matofaa, na mlango nikauacha wazi. Wenzangu walikuja mmoja mmoja kusikiliza. Ulipomtaja kwa jina mbele ya watu wote, nililia mpaka wakaniletea divai. Nimekusamehe hariri, dirisha na yote. Umefanya jambo ambalo baba yetu hakuwa na ujasiri nalo.

Sasa waambie waashi wasubiri.

Umeandika "wawili wa kiwikoni". Nimelisoma neno hilo tena na tena, nikidhani ni wino umeruka. Kaka, wewe unayehesabu mpaka makalio yako: baba yako nani? Dietmar. Na baba yangu? Mama yako nani, na mama yangu nani? Nimepandisha mkono wa joho kama ulivyoniagiza. Kiwiko ninacho. Nimekipapasa, kipo mahali pake.

Sheria iliyokushusha ndiyo hiyo hiyo: urithi ukishavuka ndugu wa shingoni, walio sawa hugawana sawa, mwanamume na mwanamke. Usinitajie utawa, kwani wewe mwenyewe umeniandikia kwamba sikuapa kiapo. Na usinitajie Ludolf amenipa nini. Ningekupa ule muhuri, tungekuwa wawili begani, mimi na wewe, na nusu ya Arnsrode ingekuwa yangu. Kwa kusema kweli nimeshuka mpaka theluthi. Hajawahi kuonekana mtu aliyenunuliwa kwa kupunguziwa.

Sina hasira nawe. Ninayo ya zamani, si yako peke yako. Tangu nilipokuwa na miaka saba watu wa ukoo huu wamekuwa wakihesabu na kunipita kama kiti kilichosogezwa ukutani, na hata mimi nilipokuandikia "nusu" nilijipita. Uliniambia barazani hapana kazi ya mwanamke. Ipo. Dai langu limeshamfikia mwamuzi, na muda wa kudai, mwaka mmoja na siku moja, haujapita hata robo. Amenijibu kwa mistari miwili tu: ni haki, na kamba ifungwe upya.

Basi ifunge, kaka, mafungu matatu. Wewe ndiye mkubwa, utagawa. Ludolf ndiye mdogo, atachagua kwanza, na safari hii nadhani atachungulia kisimani. Mimi nitafuata. Najua hivi sasa umekaa unakisia nitachukua nini ili unitegee kama ulivyomtegea yeye. Usijisumbue, nimelelewa na mwanamke aliyetunza siri mpaka kaburini. Na kitakachobaki ni chako.

Gari limefungwa, farasi wamekula. Gawa vizuri.

Oda wa Arnsrode, mjukuu wa Hadewig